Sauti Yangu Itafika Likasi

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Mama amefariki. Jana jioni, kwetu Likasi, Kongo, hospitalini, shangazi akiwa amemshika mkono. Simu ililia nikiwa nimejipaka sabuni. Nimekaa kwenye ukingo wa bafu na povu kichwani mpaka likakauka. Mama Berthe! Miaka sita sijamwona uso.

Na mimi, Aristote Numbi, kifungua mimba wake, siwezi kwenda kumzika. Karatasi zangu za ukaazi bado ziko ofisini, hazijajibiwa. Nikitoka Ubelgiji leo, sirudi. Mdogo wangu Donatien karatasi anazo. Anaishi mtaa wa Etterbeek, anafanya kazi ya ofisi, anavaa tai hata Jumamosi. Yeye anapanda ndege keshokutwa.

Sasa jambo lenyewe. Kwetu, kabla udongo wa kwanza haujaanguka juu ya jeneza, mtoto wa kwanza anasimama na kumsemesha marehemu. Anamuaga kwa niaba ya wote, kisha anamwambia na lake la moyoni. Akimaliza, ndipo makoleo. Asiposema, mama anaondoka bila kuagwa na mkubwa wake. Na yule atakayesema badala yake ndiye ukoo utamtazama kuanzia siku hiyo. Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Asiyekuwepo na lake halipo.

Donatien alikuja jioni. Tulilia pamoja. Tulilia kweli, kama watoto. Kisha akajifuta macho akasema, "Yaya," maana ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "andika maneno yako pa karatasi, mi nitaisoma pale pa kaburi." Polepole, kwa adabu. Ah! Aisome kwa mdomo wake? Na tai shingoni? Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamwambia hapana. Nitasema mwenyewe. Kwa simu! Kwenye spika! Likasi nzima itasikia, na ndugu wote wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, watasikia. Marie-Jeanne, mke wangu, akauliza kwa nini Matonge nao ni lazima wasikie. Mambo ya itifaki hayaelewi.

Jumanne, 6 Novemba

Kilio kimeanza nyumbani. Nyumba yetu ni ya ghorofa ya chini, karibu na barabara ya Chaussée d'Ixelles, sebule moja ndogo. Watu wamejaa hadi jikoni. Yolande mwenye saluni, kiongozi wa kwaya ya parokia, alileta waimbaji wake na ngoma kubwa. Waliimba vizuri sana. Nilimkumbuka mama akiimba huku anapepeta mchele, nikalazimika kutoka nje kidogo.

Kabla ya saa tatu usiku mlango uligongwa. Dirk wa ghorofa ya juu. Mzee wa Kibelgiji, mjane, alikuwa fundi wa mitambo ya redio kwa mapadre kule kwetu Kolwezi, miaka na miaka. Swahili ya kule anaisema kana kwamba hajaondoka. Alitoa pole kwanza, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akasema, "Aristote, mwimbo ni muzuri, mimi hapana sikia hata moja, mashine ya masikio natosha. Lakini ngoma iko naingia mu kitanda."

Alieleza. Akivua kile kifaa cha masikio, sauti za watu hazimfikii kabisa. Ila ngoma inapanda na ukuta, inaingia sakafuni kwake, inapita miguu ya kitanda, inamkuta mifupani. Masikio yamezeeka, mifupa bado inasikia.

Nilikasirika. Kiziwi analalamikia kelele! Nikamwambia nitalifikiria.

Nimelifikiria. Chini ya nyumba kuna kave, kile chumba cha chini ya ardhi walimokuwa wakiweka makaa zamani. Kuta nene za matofali, mlango wa chuma. Tunahamia humo kesho. Ngoma itabaki ardhini, Dirk atalala, na Jumamosi nitamsemesha mama kutoka humo, bila gari wala king'ora cha polisi kuniingilia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 7 Novemba

Donatien ameondoka. Nilimsindikiza hadi kwenye treni ya uwanja wa ndege. Nilimpa maagizo. Akodi spika mbili kubwa, zile za baa. Aziweke pande mbili za kaburi. Simu yake aishike mbele ya mikro, yaani maikrofoni. Na yeye asiseme neno! Hilo nililirudia. Akanikumbatia akasema, "Yaya, mi niko na wewe." Nimelifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi. Sikuona mtego ndani yake, lakini si kwamba haupo.

Mchana nilishughulikia kave. Nilijiambia: mwanga ukipiga kwenye kitu kinachong'aa, unarudi. Basi na sauti itarudi. Nikanunua papier alu, ile karatasi ya kufungia samaki wa kuoka, mizunguko mingi, nikabandika kuta zote, dari na mlango. Kave ikang'aa kuliko altare ya parokia. Marie-Jeanne alishuka kutafuta karatasi yake, maana alikuwa na samaki wa waombolezaji. Akasimama mlangoni. Akasema tu, "Aristote." Akapanda tena. Samaki walichemshwa.

Jioni ngoma ikaanza. Nusu saa haikupita, Dirk huyo, amevaa pajama na koti juu. Kitanda bado kinacheza! Sikuamini. Akanichukua mkono, akaniwekea kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatetemeka. Hata papier alu yenyewe ilikuwa ikilia kwa kila pigo.

Sauti, alisema Dirk, ni kusukumana tu. Ngozi ya ngoma inasukuma hewa, hewa inasukuma tofali, tofali linamsukuma mwenzake, mpaka kitandani kwake. Kitu kigumu hakiizuii ngoma, kinaibeba. Akanikumbusha watoto wa kwetu wanaolaza sikio kwenye reli ili wasikie treni iliyo mbali, kwa sababu chuma kinaileta mapema kuliko hewa. Hilo sihitaji kufundishwa. Nililifanya nikiwa na miaka minane, na mama alinitoa pale kwa kofi ambalo nalo lilifika mapema.

Akasema tuweke godoro chini ya ngoma, ili isiguse sakafu. Tukaweka. Akapanda, akalala. Nimewaeleza watu kwamba wazo la godoro nilikuwa nalo tangu mchana.

Alhamisi, 8 Novemba

Siku mbaya.

Jaribio la kwanza na Likasi. Nilisimama katikati ya kave, kadi ya kupigia Kongo mkononi, watu kimya. Nikabonyeza. Hakuna kitu! Simu inasema hakuna mtandao. Nikapanda ngazi: mtandao upo. Nikashuka: haupo. Wageni wakatoa simu zao, zote bubu. Yolande akasema labda simu zinaogopa msiba. Nikawatukana watu wa kampuni ya simu, kwa Kifaransa, ili ieleweke.

Dirk alikuwa amekuja kunywa chai. Siku hizi anakuja. Alitazama kuta zangu, akatazama simu, akaanza kucheka, kisha akakumbuka ni kilio, akaacha. Akanipeleka jikoni. Akatia simu yangu katika sufuria la ugali, akafunika vizuri, akampa Marie-Jeanne simu yake yeye apige. Kimya. Akafunua: ikalia. Halafu akatia saa ya kengele, akafunika. Ile kengele tuliisikia bila shida, na mtoto wa jirani aliisikia pia.

"Aristote," akasema, "wewe najenga sufuria."

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Sauti lazima iwe na kitu cha kusukuma, hewa au maji au ukuta. Pasipo na kitu, inakufa hapo hapo. Juu kabisa angani, pasipo na hewa, mtu anaweza kupiga ngoma mpaka achoke na asisikike. Mawimbi ya simu hayahitaji kubebwa na mtu. Yanapita kwenye utupu kama nyumbani kwao. Lakini yape karatasi ya bati, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, yanagonga na kurudi. Kwa hiyo kwa jasho langu nimefungulia mlango ile niliyotaka kuizuia, na nimezuia ile niliyoihitaji.

Nilimshukuru Dirk. Lakini nimegundua anapenda sana kusikilizwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Tumebandua yote. Hata hivyo mtandao ulikuja kidogo tu karibu na kidirisha cha makaa, ukaondoka. Udongo na chuma, Dirk alisema. Akashauri nitumie simu ya nyumbani, ile ya waya, na kuirefushia waya kupitia ngazi. Nilikuwa karibu kulisema hilo.

Marie-Jeanne akaniita pembeni. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Aristote, ingia mu chambre, funga mulango, sema na mama yako. Njo bile tu, basi." Nikamweleza kwamba mtoto wa kwanza hamuagi mama yake chumbani kama mtu anayenong'ona na mchumba. Akauliza, alors, nitasema nini? Nikamwambia nitasema yale yanayosemwa. Akarudi jikoni.

Ijumaa, 9 Novemba

Waya umefika kave. Simu imeungwa na mikro, mikro na spika. Likasi wanatusikia, tunawasikia! Sauti ya shangazi ilijaza chumba kizima, na watu wakaanza kulia upya.

Basi nikapata wazo. Kesho, kabla sijasema, tuimbe wote pamoja! Kwaya ya Likasi na kwaya ya Matonge, wimbo mmoja, pumzi moja. Nani mwingine amefanya hivyo? Donatien kwa tai yake amefanya?

Tulifanya mazoezi. Yolande akaanzisha. Likasi wakaingia, lakini wamechelewa kidogo. Yolande, kwa adabu, akapunguza mwendo awasubiri. Kule nao wakatusikia sisi tumechelewa, wakapunguza watusubiri. Sisi tukapunguza zaidi. Wao wakapunguza zaidi. Neno moja likawa linavutwa kama ugali usioiva. Mwishowe wimbo ukasimama wenyewe, katikati ya mstari, huku na huku, na kila upande ukabaki umefungua mdomo, unamngoja mwenzake.

Nikasema wa Likasi hawana nidhamu. Dirk akatikisa kichwa. Sauti zetu, alisema, zinapanda mpaka kwenye setilaiti, kilomita elfu thelathini na sita juu ya vichwa vyetu, ndipo zishuke Kongo. Sauti ya mdomo, hata kama kungekuwa na hewa njia nzima, ingetembea zaidi ya siku nzima kufika huko juu. Mawimbi ya simu yanafika kabla hujapepesa jicho. Lakini kwenda na jibu kurudi, nusu sekunde inakatika. Hakuna mwendo wa haraka zaidi ya huo duniani wala mbinguni. Nilimuuliza kama hakuna njia ya kuwahi hapo. Akasema hapana, hata kwa wazungu.

Donatien akaomba kusema na mimi. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Yaya, bon, tuache wimbo. Sema tu. Batu banachoka, na jua iko kali." Kumbe! Wimbo wangu unamsumbua. Nikamkumbusha kazi yake ni kushika simu.

Nimekubali kuacha wimbo, ili watu wasiseme mimi ni mgumu.

Baada ya chakula nilikaa niandike maneno ya kesho. Nimeandika "Mama". Hapo nikakumbuka kwamba mguu wa mikro unalegea, nikashuka kuufunga kwa uzi. Nimerudi. Bado ni "Mama". Machozi yanakuja nikilitazama neno lile, kwa hiyo nimeona nisiandike, nitasema kwa moyo. Ukubwa ni jalala.

Jumamosi, 10 Novemba

Sijui niandikeje.

Watu walijaa kave mpaka kwenye ngazi. Wengine walitoka mji wa Liège. Suti yangu nyeusi. Kimya. Tulisikia Likasi yote: upepo, kikohozi, mtoto akiuliza kitu. Tulimsikia padre akimaliza sala. Kisha akasema kwenye spika, sasa mtoto wa kwanza wa mama yetu, kutoka Ulaya. Nikavuta pumzi. Nilikuwa tayari, Mungu anajua. Nilikuwa na mama yangu mbele ya macho, na yale ya moyoni yalikuwa yamefika kwenye ulimi.

Nikasema, "Mama Berthe, mama yetu."

Na mtu ndani ya spika akasema, polepole, kwa sauti nzito ya kuigiza, "Mama Berthe, mama yetu."

Nikanyamaza. Akanyamaza.

Nikaanza tena, "Mama, mi ni Aristote." Akasema, "Mama, mi ni Aristote."

Donatien! Ilikuwa sauti ya Donatien, tena ile ya pua aliyoizoea tangu utoto. Anajiita Aristote! Mbele ya jeneza! Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia anyamaze. Akaniambia ninyamaze. Nikamuuliza kama hana haya. Akaniuliza kama sina haya. Kave nzima inasikia! Watu wa Liège wanasikia!

"Hata mbele ya kaburi ya mama?" nikapiga kelele. "Mupumbafu weye!"

Jibu likaja, kwa utulivu wa kutisha, kwenye spika zote: "Mupumbafu weye."

Hapo nilipoteza akili. Nilisema mambo. Niliyasema ya tai, ya Etterbeek, ya baiskeli aliyopewa yeye na mimi nikanyimwa, na kila nililosema nilirudishiwa usoni. Marie-Jeanne alikuwa akinivuta koti. Dirk alikuwa akipunga mikono miwili hewani na kuonyesha spika. Nikadhani ananiunga mkono. Kule Likasi nilimsikia padre akisema, "Bon... bon... donc...", kama mtu asiyejua aendeleeje. Nikawaambia wote wangoje, kwanza huyu aondolewe kwenye simu!

Hawakungoja. Jua lilikuwa kali.

Nilisikia koleo. Nilisikia udongo ukianguka juu ya mbao, safi kabisa, kama vile nimesimama pale pale. Spika zangu zilikuwa nzuri. Mara moja, mara ya pili, kisha nyingi. Halafu akina mama wakapaza kilio, laini ikakatika.

Hakuna aliyenitazama. Walipanda ngazi mmoja mmoja. Mama yangu amezikwa na sikumwambia neno.

Jumapili, 11 Novemba

Sikwenda misa.

Dirk alishuka na chupa ya divai, akaketi, akanimiminia glasi. Kisha akaeleza, kwa upole. Hakuna aliyeniigiza. Sauti yangu ilitoka kwenye zile spika mbili kubwa za kaburini, ikasukuma hewa ya Likasi, ikaingia tena katika simu aliyoishika Donatien, ikapanda setilaiti, ikanirudia. Ulikuwa mwangwi wangu. Nimegombana na mimi mwenyewe, kwenda na kurudi, kupitia mbinguni.

Nikamwambia haiwezekani. Sauti yangu naijua! Akasema hapana, Aristote, sauti yako huijui. Mtu akisema, anajisikia kwa njia mbili: kwa hewa, na kwa mifupa ya fuvu lake. Mifupa inaongeza uzito. Wengine wanapata ile ya hewa peke yake, na ukiletewa hiyo, unaona ni ya mgeni. Marie-Jeanne akaongeza kutoka jikoni kwamba mimi na Donatien sauti yetu ni moja, hata pua ni ile ile, na mama mwenyewe alikuwa anatuchanganya kwenye simu, kila mara anauliza ni yupi kati ya watoto wake. Sikuwa nimejua hilo. Ilibidi nitoke nje.

Donatien alipiga simu jioni. Nilitarajia matusi. Alisema tu, "Yaya, sikusema kintu. Nilikuwa nalia tu, simu ku mukono." Nikamuuliza, kule ukoo haukumtaka yeye aseme badala yangu? Walimtaka. Alikataa. Alisema maneno ya mkubwa ni ya mkubwa. Kwa hiyo mama hakuagwa na yeyote.

Nilimwomba msamaha. Kwa kweli nilimwomba. Akasema Jumatano asubuhi, kabla ya basi la kumpeleka Lubumbashi kwenye ndege, atarudi makaburini peke yake na simu. Bila padre, bila spika, bila watu. Nitasema, yeye atasogea mbali asisikie. Niliweka simu nikalia kwa sauti, na Marie-Jeanne akanishika kichwa.

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau: nimejifunza.

Jumatano, 14 Novemba

Niliingia chumbani saa mbili asubuhi. Nilifunga mlango kama Marie-Jeanne alivyotaka. Simu ikalia. Donatien akasema, "Yaya, niko pale. Hakuna muntu. Naweka simu pa udongo. Sema na mama."

Nikamsikia anasogea, nyayo zake kwenye changarawe, mbali, mbali zaidi. Kisha nikasikia upepo tu. Ukimya wa kwetu. Nilikuwa na mama yangu peke yetu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

Nikasema, "Alo?"

Hakuna mwangwi! Nikasubiri nusu sekunde, nikasubiri moja nzima. Hakuna! Nikasema, "Alo, alo, un, deux," kama wanavyojaribu vipaza sauti. Inaenda, hairudi. Ajabu! Nikataka kuhakikisha, maana safari hii sikutaka kosa. Nikamwita Donatien kwa nguvu mpaka akarudi akikimbia, akidhani nimeumwa. Nikamwambia udongo mbichi unanyonya sauti, ailaze simu juu ya jiwe. Akailaza. Nikasema, un, deux. Mkwaruzo wa jiwe ukawa mkali mno. Nikamwambia aweke leso chini yake, tulivyofanya kwa ngoma. Akaweka. Nzuri! Nikamwambia sasa aigeuze kidogo, upepo usiingie. Alisema, "Yaya, sema basi, tafadhali." Kwa sauti ya chini sana. Nikamwambia dakika moja.

Kisha nikafungua mlango nikamwita Dirk, ashuke asikie mwenyewe kwamba hakuna mwangwi, yeye aliye fundi. Alikuja mpaka mlangoni na kikombe chake. Nikamnyooshea simu. Hakuipokea. Aliniambia niseme na mama yangu, akavua mashine yake ya masikio, akaitia mfukoni, akaondoka. Mzee yule ana wivu, nilikuwa nimeshaliona.

Nikarudi kwenye simu. Nikasema, alo, mama, un, deux, unanisikia? Nikasubiri. Upepo. Un, deux, mama. Ilikuwa inafika vizuri kabisa, nilijua inafika. Nikakohoa, nikaweka sauti sawa. Ndipo nikasikia nyayo za mbio, na Donatien anasema, "Yaya, batterie..." Ikakatika.

Nilipiga tena mara nyingi. Basi la Lubumbashi lilikuwa limeshaondoka naye.

Kosa ni la Donatien, hakuchaji simu. Anadai umeme Likasi ulikatika tangu juzi. Anadai! Lakini siku ya arobaini kutakuwa na misa pale pale kaburini, na kwa siku hiyo natuma betri mbili, leso nene, na mchoro wa mahali pa kuweka jiwe. Wa Liège nao nitawaalika tena, wasije wakabaki na picha mbaya. Spika moja ndogo tu haitadhuru.

Marie-Jeanne aliniuliza kama nimemuaga mama. Nikamwambia mitambo iko sawa kabisa sasa, yamebaki maneno tu.